Boya la Saa ya Baridi

Mwanangu Zena,

Namuomba Mola akuamshe salama, akufikishe salama, na barua hii uikute ndani ya kanga niliyoikunja juu kabisa ya begi lako. Isome ukiwa umeshafika na umekaa. Ukiisomea njiani basi litakurusha, na mwandiko wangu unaujua, utadhani kuku kapita na matope.

Sitakuandikia habari za mafuta ya nazi, wala za kufua, wala za kuamka mapema. Kufua ulinizidi ungali mtoto. Nakuandikia kwa sababu ya neno moja uliloniomba nami sikukupa. Siku ile pale kibarazani ulipiga magoti ukasema, "Mama, nipe radhi niende." Nikakujibu, "Nenda tu." Ukanitazama, ukasimama, ukaingia ndani, na begi lako likakaa tupu mpaka juzi. Mwanangu, "nenda tu" si radhi. Wewe unajua, mimi najua, na Mwenyezi Mungu anajua kuliko sisi sote.

Kesho unakwenda Lindi kusomea umeme, na utakaa kwa mama yako mkubwa, Bi Hadija. Hapo ndipo ulimi wangu uliponasa. Chuo nakitaka. Umeme nautaka. Nyumba ndiyo siitaki.

Mengine nitakayoandika hapa unayajua, lakini hukuyaona toka upande wangu.

Mimi ni mke wa pili. Nilitolewa Kilangala kwenye mikorosho, Kiswahili changu kikining'inia Kimwera huku na huku, nikamkuta mwenzangu, Bi Hadija, ni mtu wa mji, babu na bibi wamezaliwa Lindi, akitamka neno unadhani kalipaka marashi kwanza. Siku tuliyokutana alinishika mkono mbele za watu akasema, "Karibu, mdogo wangu. Mume ni mmoja, lakini ana kelele za kututosha wote wawili." Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka kwa meno. Moyoni nikasema, huyu ananionyesha kuwa hana wivu. Na mke mwenza asiye na wivu, mwanangu, anakutia wewe wivu wa watu wawili. Tangu siku hiyo namwita dada. Kwa mdomo.

Baba yako alikuwa mtu wa zamu. Zamu ya kule Lindi ikiisha, nasikia kikohozi chake njiani kabla ya adhana ya Magharibi, nami nateleka chai kabla hajabisha hodi. Ilikuwa hivyo miaka yote, mpaka Nasoro alipomjengea mama yake nyumba.

Nasoro simlaumu. Ni mtoto mwema, mzaliwa wa kwanza wa Bi Hadija, yuko Maskati anaendesha magari ya mizigo. Alipomaliza kujenga akatuma ile mashine ya baridi inayofichwa juu ya dari, pamoja na kile kioo cha mviringo cha ukutani kinachoiongoza. Mama yako mkubwa alikitazama akasema, "Hii si saa hii? Basi ni saa ya baridi," na jina likashika. Ina akili yake. Inajua sebule imepata joto kiasi gani, inawasha, inazima, haiulizi mtu. Na Nasoro huko aliko anaishika kwa simu. Siku moja nimekaa pale kwenye kochi, simu ya Bi Hadija ikalia, mtoto anasema, "Mama, naona hapo kuna joto, ngoja nikupunguzie." Hewa ikashuka mpaka mikono yangu ikasisimka. Mwanawe yuko ng'ambo ya bahari na bado anampepea mama yake. Nilirudi kwetu Mchinga nikakukuta umekaa mkekani na bisibisi, nikasema kimoyomoyo, wangu mimi yuko hapa hapa, na feni anayoitengeneza ni ya jirani.

Baada ya saa ile kuwekwa, zamu ikaanza kulegea. Jioni ikawa asubuhi yake. Asubuhi ikawa Adhuhuri. Nikiuliza, baba yako anasema, "Joto la Kaskazi hili, Mama Zena. Kifua kinanibana." Nikaanza kukionea wivu kitu cha ukutani. Wivu wa mtu nilikuwa nimeuzoea, una uso, ukikutana nao unausalimia. Ule wa saa haukuwa na pa kuushika. Nikaiombea mabaya. Sikutamka wazi, maana namuogopa Mungu. Niliomba kwa kuzunguka: Ee Mola, kila kinachomchelewesha mja wako kutimiza haki za watu, kiondoe. Nikajiona nimeomba vizuri kabisa, kama shehe.

Ikazima.

Bi Hadija akapiga simu mwenyewe. Kioo kimekuwa cheusi tii, mashine kimya, na Nasoro kwenye simu yake anaambiwa saa haipo hewani. Nilimpa pole, nusu kwa furaha na nusu kwa hofu, kwamba je, ni mimi? Baba yako akarudi hata zamu haijafika, na kifua chake kikavumilia joto la Mchinga vizuri tu. Nilimpikia kana kwamba ni Idi.

Halafu simu ya pili. "Mdogo wangu, mafundi wawili wameshakuja. Wa kwanza anasema saa imekufa, tuagize nyingine. Wa pili anataka aziunganishe nyaya juu kwa juu iwake bila kuuliza. Moyo wangu haujakubali. Niletee mwanangu Zena aitazame."

Alisema mwanangu.

Nilikusindikiza, na baba yako tukaongozana naye. Ulidhani nimekuja kukushikia mfuko wa vifaa. Nilikuja kulinda.

Sasa hapa nataka nikuambie nilichokiona, kwa sababu sijawahi kukusifia, na ukiondoka bila kusikia utadhani sikuona. Hukuigusa ile saa. Ulizunguka nyumba kwanza, unauliza kama daktari anayemshika mgonjwa mkono.

"Mama mkubwa, taa zinawaka?"

"Zinawaka."

"Friji?"

"Linakoroma kama baba yako."

"Mita ina yuniti?"

"Zimo. Mimi na mita hatukosani."

Ukaenda kwenye boksi la swichi ukazitazama moja moja, hakuna iliyoanguka. Ukazima ile ya mashine, ndipo ukaivua saa ukutani, ukazishika nyaya za nyuma yake kuona kama kuna uliolegea. Hakuna. Ukawasha tena, ukapima kwa kile kipimo chako. Umeme haupo. Baba yako akasema, "Basi imekufa, fundi wa kwanza kasema kweli." Nawe ukamjibu bila kupandisha sauti, "Baba, kitu kisichofikiwa na umeme huwezi kusema kimekufa. Kwanza tuulize umeme umefika wapi, na umekatikia wapi."

Maneno yale niliyaweka. Sikujua kama yananihusu.

Ukazima swichi, ukaomba ngazi, ikaletwa toka kwa jirani. Bi Hadija akaingia chumbani kuswali Adhuhuri. Mimi nikatoka uani kutia udhu. Maji yako mkononi, ndipo nikasikia sauti yako toka juu ya dari.

"Baba, tatizo nimelijua. Ni boya tu."

"Boya?"

"Boya hili hapa. Limepanda juu, limekaa, ndilo linalozuia kila kitu."

Baba yako akacheka. "Sasa tulifanyeje?"

"Likishuka tu, mambo yatarudi kama zamani."

Mwanangu, boya nalijua. Sikuzaliwa pwani, lakini nimekaa Mchinga umri wako wote na zaidi, maboya ya nyavu nayaruka kila siku nikienda kununua samaki. Ila nyie vijana siku hizi mmetuletea boya lingine toka Dar, la mtu mjinga, mtu wa kuelea tu. Masikio yangu yalikuwa na maboya mawili ya kuchagua, yakachagua la pili. Na hayo maneno yako, limepanda juu, limekaa, linazuia kila kitu! Nilimwona akilini Bi Hadija na mwili wake kwenye kochi lile, mbele ya ile saa, na zamu zangu zote zimekwama nyuma yake. Nikashukuru pale pale, udhu haujakamilika. Nikasema, alhamdulillahi, mwanangu kamjua.

Sikuingia kuuliza. Mtu aliyelipenda jibu haulizi swali.

Nilipomaliza kuswali nikakuta saa inawaka, Bi Hadija amekushika mashavu anakuombea dua, nawe unatabasamu. Hata hilo halikunishangaza. Nikasema, mtoto wangu ana adabu, anamstahi usoni. Akakuomba ubaki siku mbili tatu kuiangalia mashine, nikakubali upesi mpaka baba yako akanigeukia. Baba yako naye akabaki, zamu ilikuwa bado ya kule, nami nilikuacha kwa raha kabisa, kama mtu anayemwacha askari wake ngomeni.

Mchinga sikufika hata mlangoni kwangu. Nilipita kwa Mama Shaibu, akiwa kwenye mbuzi anakuna nazi.

"Leo Zena kamwita mke mwenzangu boya. Mbele ya baba yake, na baba yake kacheka."

Akaacha kukuna. "Zena huyu huyu, ambaye akisalimia lazima uinamishe sikio?"

"Huyu huyu."

"Mh. Basi huko kuna mambo."

Mama Shaibu ana dada yake Lindi, mtaa mmoja na Bi Hadija. Wakati nasema nilikuwa nimelisahau hilo? Sikulisahau. Nataka niandike kweli, kwa hiyo naandika: nilisema kwa Mama Shaibu ili lifike.

Likafika, wewe ukiwa bado nyumbani kwake, unakula chakula chake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilitupa jiwe kwenye nyumba ambayo mwanangu yumo ndani. Kama Bi Hadija angekuwa mtu wa namna yangu, ungelala nje.

Siku ya pili akapiga simu. Nikaipokea nikiwa nimeshajitayarisha, kila jibu nimelinoa.

"Mke mwenzangu," akasema, "boya nimeonyeshwa. Nimepandishwa ngazi na mwili wangu huu, Zena kanishika huku, baba yake kanishika huku, nimeliona kwa macho. Kumbe dogo kama ndimu. Nami nilishaanza kujivuna."

Akacheka. Nikangoja amalize anitukane. Hakutukana.

"Mtoto kanieleza. Mashine ikitoa baridi inatoa na maji, yanashukia kwenye sinia lake. Bomba la kuyatoa nje, kule nyuma ya nyumba, nyigu wamelijengea udongo mdomoni. Maji yakajaa sinia, boya likaelea likapanda, na likipanda kazi yake ni kukata umeme, dari isije ikatushukia na maji yake. Kwa hiyo saa haikufa, ilinyimwa umeme kwa faida yetu. Na yule wa kuunganisha juu kwa juu angetuua. Boya ndilo lililotuokoa, mdogo wangu. Kwa hiyo niite tu. Si jina baya."

Zena, ningepewa matusi ningeyabeba. Utani ule sikuwa na pa kuuweka. Usiku na mchana nimekuwa nikitafuta sababu ya kumchukia yule mwanamke, na kila nikiipata ananinyang'anya, ananicheka nayo, ananirudishia ikiwa haina makali. Hata hapo nilipaswa kuona haya, na haya niliona, lakini chini ya haya kulikuwa na wivu tena: kwa nini yeye ndiye aliyejaliwa moyo mpana, mimi nikapewa huu?

Uliporudi nilidhani utanigombeza. Uliweka mfuko wako chini ukasema, "Mama, kwa nini hukuniuliza?" Basi. Nikajitia nasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Swali lako lilibaki na mimi baada ya wewe kulisahau. Saa ilikuwa imepona, na zamu ikachelewa tena, kama nilivyotegemea. Baba yako alipofika sikumsema. Nikajaribu njia yako. Nikamwambia, "Baba Zena, naomba unieleze. Umeme wangu unakatikia wapi?"

"Nunua yuniti," akasema.

Ikabidi nifafanue. Akavua kofia, akaiweka gotini, akasema, "Si baridi, Mama Zena. Kule nikiingia naulizwa, umekula? Huku nikiingia naulizwa, kule umekula nini?"

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningepata pa kuanzia. Nilikumbuka siku zote nilizomsikia akikohoa njiani nikateleka chai, halafu nikampa chai ile pamoja na maswali. Anakunywa huku anahojiwa. Na mimi nilikuwa nailaumu mashine ya Nasoro.

Usidhani basi nimepona. Sikuandikii nikiwa mlimani nakutazama wewe bondeni. Zamu siku hizi imenyooka kiasi, kwa sababu najiuma ulimi mpaka anamaliza kikombe, na siku nyingine namaliza kikombe changu ulimi ukiwa na damu. Kisha Nasoro akasema mtoto huyu apelekwe chuo, na Bi Hadija akasema chumba kipo, na wewe ukafurahi uso mzima. Nikaona, mume nilishagawana, sasa imefika zamu ya mtoto. Nyumba ile ile. Saa ile ile, tena iliyowashwa na mkono wa mwanangu mwenyewe.

Na wiki iliyopita nilikusikia unaongea naye kwenye simu, nyuma ya nyumba. Ulisema, "Shikamoo, mama." Siku zote ulikuwa unamwita mama mkubwa. Hilo "mkubwa" lilipokosekana niliisikia nafasi yake, kama ulimi unavyolitafuta jino lililong'oka. Labda mtandao ulilikata. Labda nilisikia vibaya, mimi na masikio yangu. Safari hii sikupita kwa Mama Shaibu. Lakini na wewe sikukuuliza, na ulipokuja kibarazani kupiga magoti, nikakujibu "nenda tu."

Sitakuambia usiwe na wivu maishani. Ningekuwa namfundisha mtu kuogelea nami nazama. Utaupata. Chuoni patakuwa na mwenzako ambaye mwalimu anamwita jina wakati wewe unaitwa kwa kidole. Ukiolewa, Mungu akupe wa peke yako, na hata huyo utamgawana na mama yake. Ninachojua ni kidogo. Mimi kwa miaka nilijiunganisha juu kwa juu, kama alivyotaka yule fundi wa pili: moyo umejaa, na mdomo unasema dada, dada, kila kitu kinawaka. Maji yalikuwa yanapanda tu. Ningemwambia mtu mmoja mapema, hata wewe, hata baba yako, hata yeye Bi Hadija mwenyewe, kwamba mwenzenu naumia, nadhani angecheka, na kucheka kwake kungelizibua bomba. Sikusema. Nilimwachia Mungu dua za kuzunguka, na Mungu hazungukwi.

Kesho asubuhi utaniaga, na mimi najijua. Kitakachotoka ni "nenda tu", au nitakuuliza kama umechukua ndala. Usiyasikilize hayo. Ndiyo maana nimekaa kuandika, mimi niliyeishia darasa la saba na kalamu inanichosha kuliko jembe. Neno la mdomo mtu huchagua alisikieje. Lililoandikwa linakaa pale pale, ukilisoma leo na ukilisoma nikiwa sipo.

Nimekupa radhi, Zena. Nimekupa radhi ya mimba na ya maziwa, ya kwenda na ya kukaa kule, ya kufurahi kule. Radhi hii haina zamu. Na kama ulimwita mama, mwite. Si kwa kuwa haliniumi. Linaniuma. Lakini nimelitazama umeme wake unakotoka, na siku ile jina baya lilipomfikia wewe ukiwa kwake, alikulisha, akapanda ngazi kwenda kutazama. Mama hufanya hivyo.

Na mimi likipanda boya langu nitakupigia simu nikuulize. Unijibu kweli, hata kama jibu silipendi.

Jambo moja tu la kazi, nilisema sitakuagiza lakini hili nakuagiza. Kila mwezi zunguka nyuma ya ile nyumba, uangalie mdomo wa bomba. Nyigu hawachoki. Sitaki dari imshukie dada yangu.

Ni mimi mama yako, yule wa kukuzaa.

Unaona, boya limepanda kidogo.